Mimi Hapana Mutu, Mimi ni Service

8 Septemba
Daktari amenieleza hali ya moyo wangu kwa Kifaransa kirefu. Nikamwambia: kwa hiyo moyo umechoka. Akacheka, akasema ndiyo, umechoka. Mvua zimeanza mapema Butembo mwaka huu, na sidhani kama nitaziona zikianza tena. Nilikuwa inspekta wa shule, kutoka Luofu hadi Oicha, na maisha yangu yote niliandika ripoti juu ya makosa ya walimu wengine. Msimu huu nitaandika juu ya nyumba yangu mwenyewe, kadiri mkono utakavyokubali.

Nyumba ni ndogo. Niko mimi na Eliane. Alifika kutoka Mbau na kitenge kimoja mabegani, baada ya mumewe kuuawa shambani. Marehemu mke wangu akampa chumba cha nyuma, na alipofariki, Eliane akabaki. Anapika, ananiosha miguu inapovimba, na kwa kuwa macho yangu yamefifia, ndiye anayenibonyezea simu. Binti yangu Godelive yuko Beni, anafanya biashara ya kakao. Wanunuzi wa hapa humlipa kupitia namba yangu ya simu, kwa sababu barabarani hapendi kutembea na noti. Akizihitaji, tunamtumia Beni kwa simu.

12 Septemba
Mvua. Eliane amepika birai, viazi vyetu vya mviringo, na maharage. Nimekula nusu.

15 Septemba, Jumapili
Leo nimefanya jambo peke yangu, na nimefurahi kama mtoto aliyefunga kamba za viatu.

Eliane alikuwa Misa. Simu ikalia. Sauti ya kijana, yenye adabu, ikanisalimu kwa Kinande: "Wavukire, Tata." Akauliza nimelalaje, mvua inanitendeaje. Kisha akahamia Kiswahili. Anaitwa Mbusa, ni wa service technique ya mtandao wa simu. Radi ya Ijumaa imepiga antena, namba za wateja wa zamani zinaruka, na yangu itakatika kabla ya jioni tusipoitengeneza sasa hivi. Nikamuuliza mbona anafanya kazi Jumapili. Akashusha pumzi, akasema yeye ndiye mtoto wa kwanza kwao, wadogo zake wote wanamtazama yeye, hana siku ya kupumzika. Nilimhurumia. Akauliza kama niko peke yangu, maana kelele za watu zinasumbua mashine. Nikamwambia dada wa nyumbani yuko Misa.

Ujumbe ukaingia wenye tarakimu. Nikachukua kioo changu cha kukuzia, nikamsomea wote, neno kwa neno, pamoja na mstari wa mwisho uliosema kwa Kifaransa kwamba tarakimu hizo asipewe mtu yeyote. Nikamuuliza, sasa nakupaje?

"Njo vile, Tata," akasema. "Usipatie mutu. Mimi hapana mutu, mimi ni service."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Katika miaka yote ya ukaguzi sikuwahi kupata jibu la sarufi zuri kama hilo. Nikampa tarakimu, kisha namba ya siri, ili aihamishie kwenye mashine mpya. Akaniagiza nizime simu mpaka Jumanne, kazi ifanyike polepole. Akanitakia Jumapili njema.

Eliane aliporudi sikumwambia kitu. Nataka Jumanne ajionee kwamba Mwalimu bado anaweza.

16 Septemba
Mvua ya mawe. Simu imelala mezani kama nilivyoagizwa.

17 Septemba
Eliane aliwasha simu, nayo ikaanza kulia bila kukoma. Godelive alikuwa akitupigia tangu jana. Mnunuzi alikwisha kulipa, na sasa alitaka pesa zile ili awalipe wakulima wanaomngoja Beni. Eliane akabonyeza. Hakuna kitu. Akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa sauti ndogo: pesa zimetolewa Jumapili, vipande vipande, mpaka zikaisha.

Godelive alisikia yote kwenye simu. Kisha akauliza, polepole, simu hii inakuwaka na nani.

"Na mimi," akasema Eliane.

Nikasema labda mtandao umekosea, tungoje. Na mbele ya Mungu, siku ya leo ndivyo ninavyoamini: kwamba Mbusa na mashine yake hawajamaliza.

19 Septemba
Asubuhi mvua ilikuja ghafla. Jirani yangu Jokébed wa ng'ambo ya njia, anayeuza busera, uji wetu wa mtama, akawa anawaita wanawe waondoe maharage yaliyoanikwa: Nzanzu! Kambale! Kasereka! Nikawa nasikiliza kitandani, nikihesabu kama nilivyokuwa nikisoma orodha za darasa. Kwetu jina la mtoto linataja zamu yake. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Nzanzu, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na kabla hujafika kwa Mbusa umepita wavulana watano.

Mtoto wa kwanza aitwaye Mbusa.

Hakuna mama wa Kinande anayeweza kumzaa mtoto huyo. Mtoto wa darasa la kwanza angecheka. Mimi niliyeyasoma majina hayo katika kila shule ya Lubero nililisikia kosa hilo, likapita, kwa sababu nilikuwa nikimhurumia, na nilikuwa nikijifurahia. Yule kijana alijifunza salamu yetu, akaokota jina letu moja sokoni, hakujua kwamba majina yetu yanahesabika.

Sasa najua. Na aliyemsikia ni mimi peke yangu.

22 Septemba, Jumapili
Godelive amefika, tope mpaka magotini. Pikipiki ilizama mara mbili njiani. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliketi jikoni na Eliane, mlango ukiwa wazi, nikasikia yote.

"Eliane, sitakupigia kelele. Uniambie tu, nani alikutuma? Kama ni shida ya bandugu ba ku Mbau, ungesema, ningekupatia."

"Yaya, sikuguza," akajibu Eliane; ndivyo anavyomwita Godelive, kama dada mkubwa.

"Basi ni nani? Papa haone hata namba."

Wakaja wote wawili mlangoni kwangu. Godelive akaniambia, Papa, sema kitu. Nikasema nimechoka.

Godelive akaamua Eliane aondoke kwanza mpaka jambo lijulikane. Eliane akachota maji ya moto, akaniosha miguu kama kila siku, akanikausha, akaning'arisha hata kucha. Kisha akabeba nguo zake, akavuka njia kwenda kwa Jokébed.

Ninajiuliza niliogopa nini. Si Godelive, angelia, angenisamehe. Niliogopa watu wa njia hii yote. Watu hapa wakibishania neno, husema twende kwa Mwalimu Éphraïm. Sikuweza kuwa mzee aliyechezewa na kijana wa simu. Nikaona heri nyumba yangu iwe na mwizi kuliko kitanda changu kiwe na mjinga.

23 Septemba
Mvua.

29 Septemba
Mvua. Godelive amerudi Beni kuwaomba wakulima subira. Msichana aliyenitafutia anatia chumvi nyingi.

6 Oktoba
Jokébed ameniletea busera. Anasema bombani wanawake wanavuta bidoni zao za maji karibu na miguu yao Eliane anapofika. Mama mmoja aliyekuwa akimpa nguo za kufua amezichukua zikiwa bado mbichi.

Nilimuuliza yeye anamwonaje. Akanitazama kwa dharau ya jirani wa siku nyingi.

"Mwalimu, mwizi analalaka jicho moja wazi. Uyu analala kinywa wazi, anakoroma, hata mbuzi yangu inakasirika. Uyu hana kitu mu roho."

Nikanywa busera yote ili nisijibu.

13 Oktoba, Jumapili
Abbé Valère, padre wetu, ameniletea Komunyo. Ni mzaliwa wa Kindu, kwa hiyo ilinibidi nimweleze majina yetu na zamu zake kabla hajaelewa dhambi yangu. Nilikuwa nimezoea kuungama vitu vidogo vya mzee: hasira, uvivu wa kusali. Leo nimesema kitu kikubwa.

Alinipa maondoleo. Akakunja stola yake, akakaa tena.

"Mwalimu," akasema, "Mungu alikuwa anajua tangu mwanzo. Eliane njo hajui."

14 Oktoba
Nimempigia Godelive mwenyewe, nikimwagiza yule msichana atafute jina lake. Nimemwambia yote: sauti, antena, tarakimu, Mbusa. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Sikuwa nimejiandaa kwa kicheko.

Akasema, Papa, unamutetea. Nikasema hapana. Akasema ananijua.

"Weye? Bwana yangu alileta barua ya kuniomba, ukamurudishia na makosa yote imepigwa mustari mwekundu. Njo weye utapatia mutu wa simu code?"

Nikarudia. Sauti yake ikawa laini, ile sauti tunayotumia kwa wagonjwa. Akasema nipumzike, nisijisumbue juu ya Eliane, atamtafutia kazi nyingine mbali. Baadaye nikasikia amemwomba Jokébed aniangalie vizuri, kwa sababu akili ya Papa imeanza kupotea.

15 Oktoba
Nimemwambia Jokébed pia. Akanifunika blanketi.

20 Oktoba
Nilijenga ukuta ili watu wasione ujinga wangu. Sasa nagonga kutoka ndani na hakuna anayesikia. Sifa yangu ndiyo shahidi anayenipinga.

Nilimwita Eliane nimwambie yeye. Alituma jibu kwa adabu kwamba ana nguo za watu za kufua. Hana za mtu yeyote. Jokébed aliniambia.

27 Oktoba
Njia ya Beni imekatika. Malori yamelala. Napumua vibaya nikilala chali.

3 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Miguu imepanda mpaka magoti. Godelive ameitwa.

7 Novemba
Lazima niandike leo hata kama ni kwa kupumzika kila mstari.

Godelive alifika juzi. Leo mchana alikuwa akinilisha, simu ikalia, namba tusiyoijua. Nikamwambia aweke sauti wazi, aniachie niongee, na asiseme neno.

"Wavukire, Tata."

Ilikuwa saa tisa alasiri. Hiyo ni salamu ya asubuhi. Godelive akainua macho kutoka kwenye sahani.

Akasema safari hii anaitwa Paluku, wa service ya kurudisha pesa za watu walioibiwa. Alikuwa amebadilisha jina. Sauti ilikuwa ile ile. Nikamuuliza Mbusa yuko wapi.

"Mbusa tulimufukuza, Tata. Alikuwa mwizi."

Nikamuuliza ananijuaje.

"Dossier yako iko hapa. Ulimusomea message yote muzuri, hata pale inasema usipatie mutu. Wazee ba vile ni kidogo sana."

Kijiko cha Godelive kilikuwa kimesimama hewani. Nikakusanya pumzi. Nikamwambia yule kijana kwamba binti yangu anasema ni dada wa nyumbani aliyeiba, kwa hiyo labda service isijisumbue.

"Hapana, Tata, uyo hakuguza. Ulisema iko ku Misa. Mulikuwa babili tu, weye na Mbusa." Kisha akaharakisha sauti. "Sasa, message itaingia. Unisomee namba mbio mbio, mbele system haijafunga."

Godelive akachukua simu. Nilidhani atamtukana kwa lugha zote za Beni. Akauliza kwa utulivu:

"Weye, mama yako alikuita nani?"

Simu ikakatika.

Akaketi chini, sakafuni, mgongo kwenye kitanda changu, kama alivyokuwa akiketi akiwa mdogo. Nikamwambia nilikwambia. Akasema ndiyo, uliniambia, na mimi nikasema umezeeka.

"Nilimuuliza nani alikutuma," akasema. "Eliane. Nilimuuliza vile, na sauti ya kumuonea huruma."

Akatoka nje, mvuani, bila viatu.

Walirudi pamoja, wamelowa. Godelive alikwisha kumpigia Eliane magoti kule kwa Jokébed, mbele ya watoto; Jokébed ameniambia. Eliane hakuingia ndani ya chumba. Alisimama mlangoni. Nikamweleza kila kitu tangu salamu ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja ambalo hata Abbé hakuniuliza.

"Ulijua tangu siku gani?"

Nikasema siku ya kwanza sikujua. Lakini Godelive alipofika, nilikwisha kujua.

"Donc siku ninakuosha miguu, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

Maji yalikuwa yakimtiririka kutoka kwenye kitambaa cha kichwa. Akayafuta usoni kwa kiganja.

"Nitakusamehe, Mwalimu. Mais leo hapana." Kisha: "Na bantu ba avenue, nani atabaambia?"

Nikasema nitawaambia mimi.

8 Novemba
Sikuweza kuamka.

10 Novemba, Jumapili
Niliomba shirika, jumuiya yetu ndogo ya sala, likutane kwangu. Ibada ya nyumba kwa nyumba huwa Jumatano, lakini kwa mgonjwa hufanywa siku yoyote. Walijaa mpaka kwenye kibaraza: akina mama wa bombani, Siméon aliye chef wa avenue, yaani mkuu wa njia yetu, Jokébed na wanawe. Eliane aliketi karibu na mlango. Godelive akaniinua kwa mito.

Baada ya Injili wakaomba mgonjwa aseme neno. Walitarajia wosia mtakatifu. Nikawaambia kwamba mwizi wa nyumba hii ni ulimi wangu. Nikawasimulia radi, antena, huruma, mtoto wa kwanza aitwaye Mbusa. Hapo mtu mmoja akaanza kukohoa kikohozi kisichokuwa kikohozi. Nilipofika kwenye "mimi hapana mutu, mimi ni service", nyumba ikalipuka. Jokébed aliangukia bega la jirani yake. Miezi miwili nilikuwa nikikiogopa kicheko hicho, na kilipokuja kilikuwa cha watu walionipenda.

Nikawaacha wamalize. Kisha nikasema sehemu isiyochekesha: kwamba Eliane hakugusa kitu, kwamba nilijua, kwamba nilinyamaza akifukuzwa, na bidoni zikavutwa bombani kwa sababu ya kimya changu. Nikamtazama yeye nikisema. Hakuna aliyecheka tena.

Siméon, chef wetu, akasimama na kofia mkononi. Mnakumbuka simu yangu iliyoanguka mtoni Kimemi, akasema. Tukasema tunakumbuka, alituchosha na kisa hicho msimu mzima wa kiangazi.

"Haikuanguka," akasema. "Nilipatia service."

Baada yake akasimama muuguzi wa zahanati, halafu mama mmoja wa bombani, yule wa nguo mbichi. Kumbe wengi wetu tulikuwa tunaumwa ugonjwa mmoja, kila mtu na dawa yake ya uongo. Tukaanza kulinganisha. Kila mmoja aliharakishwa. Kila mmoja aliulizwa kama yuko peke yake. Kila mmoja aliambiwa azime simu, ili asione pesa zikitoka. Na wote tulipigiwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameomba msaada. Wakakubaliana kwamba anayeulizwa namba zake atakata simu na kwenda mwenyewe kwenye kibanda cha wakala wa mtandao, kwa miguu, akamwone mtu mwenye uso. Niliwaongezea ya kwangu: mwulizeni ni mtoto wa ngapi.

Eliane hakucheka. Walipotoka, yule mama wa nguo mbichi alisimama mbele yake muda mrefu, hajui aweke wapi mikono.

17 Novemba
Mvua imepungua. Godelive ameuza pikipiki yake ili awalipe wakulima kidogo kidogo. Pesa zenyewe hazitarudi. Hanilaumu, nami siachi kuzifikiria.

Alimwomba Eliane arudi chumba chake. Eliane akakataa. Anasema atakuja kumwona Mwalimu, lakini kulala hapa, hapana. Ni haki yake.

20 Novemba
Amekuja. Aliketi kwenye kiti cha wageni. Tulizungumza juu ya bei ya makaa.

24 Novemba
Abbé Valère ameniletea mafuta matakatifu. Mkono unatetemeka, herufi zangu zingepata sifuri.

1 Desemba, Jumapili
Jua, la kwanza baada ya siku nyingi. Godelive amenigeuza nitazame dirisha.

Eliane amepita kutoka Misa, kitenge kipya. Safari hii alivuta kiti karibu na kitanda. Akasema wanawake wa likelemba, wale wanaochanga pamoja kila wiki na kupokea kwa zamu, walimjia kwa Jokébed. Aliyekuwa akiwashikia sanduku amehamia Goma. Wanataka Eliane alishike yeye.

Nikamuuliza amewajibuje.

"Nilibaambia baende kwanza bafikiri muzuri." Akatazama dirishani, njia ile ya bombani ambayo ilikuwa ikianza kukauka. "Balirudi, Mwalimu. Bote."